Maneno Yalikuwa Matatu

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msomi, ila si wa herufi zinazochapwa kwenye kanga. Alikhitimu Kurani angali msichana, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Kwetu Tanga kuna kisa nilichokikuta kikisimuliwa: mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walipita watu mtaani kuandikisha wasiojua kusoma. Bibi akawakaribisha, akawapa kahawa, akawaambia yeye amekwisha hitimu, waende kwa wenye haja.

Mimi nilipozaliwa na kuanza shule, nikawa miwani yake.

Asubuhi alikaanga vitumbua barazani, siku ambazo sukari ilipatikana, nami nikakaa pembeni nikingojea kengele ya shule. Wanawake wakipita kwenda sokoni aliwaitikia salamu, akasubiri wapite, kisha akaninong'oneza: "Mke mwenzangu, huyo anasemaje?" Ndivyo alivyoniita siku zote, kama bibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Na kusubiri wapite ilikuwa lazima. Jina la kanga, yaani yale maneno yake, hukaa chini ya mji, ile sehemu ya katikati, juu kidogo ya pindo, na mwanamke akijifunga vizuri linamwangukia nyuma. Huwezi kumsoma mtu anayekuja. Unamsoma anayekwenda zake, na ukitaka kumjibu, keshafika kona.

"Riziki haivutwi kwa kamba," nikasoma.

Bibi akamimina unga kwenye chuma cha vitumbua. "Kweli. Lakini na kulala haivutwi. Saa hizi ndiyo anatoka?"

"Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake."

"Huyo kagombana na wifi yake."

"Mungu hamtupi mja wake."

Hapo alinyamaza, akageuza kitumbua, akasema, "Haki."

Yeye mwenyewe alikuwa na kanga moja kuukuu sandukuni, imefifia mpaka nyekundu yake imekuwa kama maji ya rosela. Jina lake lilikuwa la herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa kanga za zamani kabla herufi za kirumi hazijashika. Aliitoa mara chache, akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "Hii," alisema, "inasema na mimi bila mkalimani."

Basi ukaja ugomvi wa kuku.

Ilikuwa 1984, nina miaka tisa. Bibi alikuwa ameanika mchele wake kwenye ungo, ule wa kutwanga unga wa vitumbua, na mchele wenyewe siku hizo ulikuwa wa kutafutwa kama dawa. Kuku wa jirani akaruka uzio, akala mpaka akatosheka, na alichobakiza akakitawanya kwa miguu. Bibi akamrushia kifuu. Kuku akachechemea siku mbili, ya tatu akafa. Jirani hakusema neno. Na Mswahili wa kike akikosewa asiseme neno, hapo ndipo pa kuogopa. Salamu zikakatika. Tulikuwa tukitumia bomba moja la maji, ikabidi kila mmoja atafute saa yake.

Wiki mbili baadaye jirani akapita mbele ya baraza letu amejifunga kanga mpya kabisa, bado ngumu, inasema chakarachakara kila anapopiga hatua. Kanga mpya mwaka ule ilikuwa habari ya mtaa mzima. Zilikuwa za foleni. Zilizopita njia za panya kutoka Mombasa zilikuwa za wenye uwezo. Bibi akasimamisha upawa hewani.

"Huyo anasemaje?"

Nilikwisha kuliona. HASIDI HANA SABABU, herufi kubwa, nyeusi, kama tangazo la serikali.

Sijui watoto wa leo wangefanyaje. Mimi binti wa jirani yule alikuwa mwenzangu wa kuruka kamba, na mama yake alikuwa akinipa ubuyu. Nikaona vita vinakuja na mimi ndiye tarumbeta. Nikasema lililonijia mdomoni kwanza: "Mungu hamtupi mja wake."

Bibi akamsindikiza jirani kwa macho mpaka alipokata kona. Hakusema "Haki" safari hii. Akaepua vitumbua sita vya moto, akavitia bakulini, akafunika kwa kawa. "Mpelekee."

Nilitembea zile hatua ishirini kama niendaye kuchapwa. Jirani akafungua mlango, akafunua kawa, akanitazama, akatazama tena bakuli. "Vya nini?"

"Bibi kasema."

Jioni bakuli likarudi. Kwetu chombo hakirudi kitupu, na ndani mlikuwa na mayai mawili.

Nikajiona mjuzi wa mambo. Nikalala usingizi mzuri siku nne tano, mpaka Jumamosi moja Bibi alipokuwa akinisuka. Ananivuta nywele za kisogoni, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake, hakuna pa kukimbilia.

"Mke mwenzangu."

"Abee."

"Mimi herufi zenu za kizungu sizijui. Lakini kuhesabu najua. Maneno ya kanga ile yalikuwa matatu. Wewe umenisomea manne."

Nilihisi damu imenisimama masikioni. Akaendelea kusuka kama hakusema kitu. Alipofika mwisho wa mstari akauliza, "Lilisemaje la kweli?"

Nikamwambia.

Alicheka mpaka akaniachia nywele. "Sasa wewe ulidhani nitamfanya nini? Kanga ile kaipata foleni ya duka la ushirika, na mimi nilikuwepo, nyuma yake watu wanne. Zikaisha kabla hazijanifikia. Pale unachagua? Unapewa iliyo juu, unashukuru. Wangempa iliyoandikwa bei ya mkaa angeivaa."

"Kwa hiyo hakuwa anakusema wewe?"

"Labda alifurahi ilivyotokea. Hilo sijui, na silitaki." Akashika nywele tena. "Ila usirudie. Lisome lilivyo. Kulielewa niachie mimi."

Mwaka 1997 nikaja Dar es Salaam kwa shangazi, na baada ya kuhangaika huku na huko nikapata kazi kwenye duka la kanga Mtaa wa Uhuru. Nikakaa humo miaka kumi na miwili. Robota likikatwa kamba harufu ya dondo, ule wanga unaokaza nguo mpya, inajaa duka zima, na sisi wauzaji tunainama kwanza kusoma majina kabla hata ya kutazama rangi, kama watu waliopokea barua. Tajiri alikuwa akituonyesha kwenye kanga za kutoka Mombasa chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, akisema hawa akina Kaderdina Hajee Essak walikuwa wakiuza kanga kabla babu zenu hawajaota ndevu. Siku nyingine alisema wao ndio walioanza kuziandika maneno, siku nyingine akasema hapana. Tajiri wetu alikuwa hivyo.

Kuuza kanga ni kazi ya ajabu. Mteja haji kununua nguo. Anakuja na shauri. "Nipe yenye kumjibu mtu." Mtu gani? Anatazama nyuma kwanza. "Mtu tu." Wengine wanataka ya shukrani, ya msiba, ya kumpa mkunga. Mke wa mtu aliyeletewa mke mwenza huja akiwa mtulivu kabisa, anachambua doti moja moja, na anachoondoka nacho mara nyingi si tusi. Mmoja alichukua "Tulia tuishi wazuri haweshi". Nilidhani anampa mumewe. Kumbe alizinunua mbili, moja ya mke mwenzake. Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa suluhu au kombora, na nina wasiwasi hata yeye alikuwa hajaamua.

Wanaume ndio hawajui kununua. Kijana mmoja alikuja, harusi yake imeahirishwa mara ya pili kwa sababu ya mahari, anataka kumtuliza mchumba. Nikampa "Kawia ufike". Methali nzuri, ya wazee, haina ubaya wowote. Baada ya siku tatu akaingia shangazi wa bibi harusi na doti ile imekunjwa chini ya kwapa, akaitandaza juu ya meza ya duka mbele ya wateja wote. "Nani kamuuzia mwanaume huyu ruhusa ya kuchelewa? Akawie mpaka lini?"

Kuanzia siku hiyo niliacha kumuuliza mteja anataka kusema nini. Nilimuuliza nani atakayesoma.

Mume wangu anaendesha lori la mizigo, safari zake za Tunduma, na anasema wanaume nao wana kanga zao, ila zina magurudumu. Ni kweli. Yale yale yaliyoko kiunoni mwa mwanamke utayakuta nyuma ya daladala: Wembamba wa reli treni inapita. Mungu mbele. Sisi sote abiria, dereva ni Mungu. Hili la mwisho yeye hulipinga kwa sababu za kikazi. "Kama dereva ni Yeye," huniuliza, "trafiki akinisimamisha pale Mikumi kwa nini leseni naombwa mimi?"

Nilidhani ninalijua jina hilo. Nililiuza mara nyingi kuliko vitumbua alivyokaanga Bibi.

Mapema mwaka 2008 baba mkwe alifariki kwao Lindi. Mama mkwe akamaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha mume wangu akaenda kumchukua, akaja kukaa nasi Mbagala. Mwanamke mrefu, mkimya, anaamka kabla ya adhana na kufagia uwanja ambao nimekwisha kuufagia jioni. Yeye, tofauti na Bibi, mwaka ule wa elimu ya watu wazima alikwenda. Alijifunza kusoma chini ya mwembe akiwa na mtoto mgongoni, na husoma vile vile alivyofundishwa: kidole chini ya silabi, midomo inatembea, haruki herufi. Risiti ya luku akiipata ataisoma mpaka namba ya mita.

Idi ilipofika mwezi wa kumi nikataka kumpa zawadi. Nikapekua duka zima. Siku hizo nilikuwa na ujauzito wa tatu, miguu imevimba, lakini nilipanda ngazi mpaka rafu ya juu. Nikakwepa ya mafumbo yote. Nikakwepa hata "Nani kama mama", nisije nikaonekana najipendekeza. Nikachagua "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nani asiyeijua? Kuja kwako kumetuponya, ndiyo maana yake. Pindo la samawati, mji wa maua ya mkorosho, nzuri ajabu.

Akaipokea kwa mikono miwili. Kidole kikaenda chini ya jina. M-ge-ni. Kikakaa hapo.

"Asante, mwanangu," akasema. Akaikunja, akaiingiza chini ya godoro. Wiki ya kwanza haikutoka. Ya pili haikutoka. Nikamwambia nimpelekee fundi aikate na kuipinda, akasema hakuna haraka. Ni mtoto wangu mkubwa aliyekuja kunipa habari jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayesema chumvi imekwisha: "Mama, Bibi anasema yeye mgeni hapa. Ataondoka lini?"

Nilikaa juu ya ndoo. Miaka kumi na moja nimeuza majina, nimewauliza wateja nani atasoma, na kwangu mwenyewe sikuuliza. Nyumba imejengwa na mwanawe. Ndani yake mkaza mwana anampa Idi inayoanza na neno "mgeni". Sasa ningeingiaje chumbani kwake kumweleza? "Mama, si wewe mgeni, ni methali." Yaani ningemwambia hajui Kiswahili. Mume wangu nilipompigia simu, yuko Makambako, alicheka mpaka mawasiliano yakakatika.

Novemba mwaka huo hatukupumua dukani. Barack Obama alishinda uchaguzi kule Marekani, na ikatoka kanga yenye picha yake katikati, juu imeandikwa Hongera Barack Obama, chini jina lake ni "Upendo na amani ametujalia Mungu". Watu waliigombea. Tatizo la kanga za picha ni lile lile la kanga za kampeni: ukijifunga, uso wa mheshimiwa unakwenda kukaa pale unapokalia wewe. Bibi mmoja wa makamo aliniuliza kwa adabu kubwa kama hakuna zenye picha pembeni.

Katika zogo hilo, siku moja nimerudi nyumbani nimechoka, naambiwa mama mkwe hayupo. Katoka asubuhi. Hajawahi kutoka peke yake tangu aje mjini. Hata dukani kwa Mpemba husindikizwa na mtoto. Saa kumi na moja akaingia, khanga ya kichwani imekaa upande, kashika mfuko mweusi wa plastiki. Alikuwa amepanda daladala mpaka Kariakoo, akazunguka, akanunua doti kwa machinga, barabarani, si dukani kwangu. Hilo peke yake lilikuwa jibu tosha. Lakini hakuwa amemaliza.

Usiku aliikata na kuipinda kwa mkono, sindano na uzi, taa ya chumbani kwake haikuzimwa mpaka saa sita. Asubuhi nikamkuta uani anaosha vyombo. Kanipa mgongo. Vyombo vilikuwa vichache, vya chai tu, lakini alivisugua na kuvisuuza na kuvisugua tena, na mgongo haukugeuka, mpaka akawa na hakika nimesoma.

SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Nilisimama na kikombe changu. Nilisoma mara moja kama muuzaji, mara ya pili kama mkaza mwana. Sote. Kama yeye mgeni katika nyumba hii, mimi je, niliyekuja na begi moja kutoka Tanga? Kicheko kikanitoka puani kabla sijakizuia.

Akageuka. "Unacheka nini?"

"Mama, nani kakuchagulia hiyo?"

"Nimesoma mwenyewe." Akakung'uta maji mikononi. "Machinga alikuwa na ishirini. Nimezisoma zote. Alikasirika."

Nikawaza zile kanga ishirini, silabi kwa silabi, juani, na machinga anamtazama. Nikasema, "Mama, ile ya Idi sikukusudia..."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ungechagua yenye maneno mengi." Akapanga sahani kwenye kichanja. "Humu kila mtu kapanda, mwanangu. Ila wewe ulitangulia, umekaa dirishani."

Tangu hapo tulikaa vizuri, kwa maana ya watu wanaoishi pamoja: tulinuniana kwa sababu ya chumvi, ya redio, ya mtoto kunyimwa au kupewa, lakini si kwa sababu ya kanga. Mume wangu aliporudi na kuiona ile ya abiria, akaanza hoja yake ya trafiki na leseni. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Wewe ni utingo. Nyamaza."

Ile ya mgeni sikuiona tena, nami sikuuliza. Nikajua ama kaituma Lindi, ama kampa mtu.

Mwezi wa pili, 2009, nikajifungua usiku, mtoto wa kike. Asubuhi mama mkwe akaja hospitali na chupa ya uji na kikapu. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akamtoa mtoto kwenye shuka la wodi, akafungua kikapu. Pindo la samawati. Ilikuwa imekatwa, imepindwa pande zote nne kwa mishono yake ile midogo, na ilikuwa laini kama ya miaka mitano. Kanga mpya huwezi kumfunga nayo kichanga, dondo lake linakwaruza. Hiyo imefuliwa na kuanikwa na kufuliwa tena mara nyingi, na mimi niliyekuwa nikishinda dukani sikuwahi kuiona kwenye kamba.

"Umeanza lini kuitoa dondo, Mama?"

"Siku ile niliyotoka Kariakoo." Alikuwa anamzungushia mtoto, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mpaka ukabaki uso tu. Jina likaangukia kifuani. Akaweka kidole chini yake. M-ge-ni. Safari hii hakikukaa, kilikwenda mpaka mwisho wa mstari.